Mvua, joto na malaria kandokando ya Ziwa Victoria: tuhesabu siku, si milimita peke yake

#1 Mpimamvua_Ilemela

Wakuu, habari zenu. Vuli ikikaribia, huku Mwanza kauli huwa moja: mvua imekuja, malaria inafuata. Ni kweli. Lakini uliza inafuata baada ya siku ngapi, na kwa nini mwaka mwingine mvua ni nyingi na wagonjwa ni wachache, utaona watu wananyamaza. Tuweke hesabu yake hapa, maana anayepanga kupulizia dawa ukoko (ya kuua mbu kwenye kuta za ndani), kugawa vyandarua au kuagiza mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na dawa mseto anahitaji tarehe.

Hesabu ya kwanza ni ya maji. Anopheles gambiae, mbu wa malaria, hupenda vidimbwi vidogo, visivyo na majani, vinavyopigwa na jua: kwato za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya tofali. Yai huanguliwa kwa siku 2 hadi 3, na kutoka kutagwa hadi mbu kuruka ni kama siku 8 hadi 14 kwa joto la huku. Dimbwi likikauka siku ya 6, kizazi chote kimekwisha. Ndiyo maana 60 mm za usiku mmoja zikifuatwa na jua la wiki mbili hazilingani na 60 mm zilizokuja mara sita, kila baada ya siku tatu. Jumla ni ile ile, mbu si wale wale.

Hesabu ya pili ni ya kimelea ndani ya mbu. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa leo, hawezi kuambukiza kesho. Kimelea lazima kikomae tumboni mwake na kuhamia kwenye tezi za mate, na muda huo unategemea joto. Kanuni ya Detinova inayotumika miaka mingi kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ni hii: toa 16 kwenye joto la wastani, kisha gawa 111 kwa kinachobaki, jibu ni siku.

Nyuzi 18: siku 56
Nyuzi 20: siku 28
Nyuzi 23: siku 16
Nyuzi 26: siku 11
Nyuzi 28: siku 9

Hesabu ya tatu ni ya umri wa mbu, na hapa ndipo mambo yote yanakutana. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanabaki hai. Kwa nyuzi 20, kati ya mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea, watakaofika siku ya kuambukiza ni 5. Kwa nyuzi 23 ni 18 au 19. Kwa nyuzi 26 ni 31. Nyuzi tatu tu za joto, kutoka 20 hadi 23, zinazidisha mbu wa hatari kama mara tatu na nusu bila kuongeza dimbwi hata moja.

Sasa unyevu wa hewa. Ukishuka sana chini ya asilimia 60, mbu hukauka na kufa mapema. Wakibaki 80 badala ya 90 kila siku, kwa nyuzi 24 (siku 14) watakaofika ni 4 kati ya 100 badala ya 23. Kwa hiyo mvua inafanya kazi mbili: inaweka maji ya kuzalia, na inalainisha hewa ili mbu mzazi aishi. Wengi wanaiona ya kwanza tu.

Ukijumlisha: siku kama 12 za kiluwiluwi, 3 za mbu kupata damu ya kwanza, 16 za kimelea, kisha siku 9 hadi 14 mwilini mwa mtu kabla ya homa. Ni wiki sita kutoka mvua ya kwanza ya maana hadi wagonjwa wa kwanza wa mvua hiyo. Kilele huja baadaye zaidi, kwa sababu vizazi vinarundikana na wagonjwa wapya wanakuwa chanzo kwa mbu wapya. Kwa kawaida ni wiki ya 8 hadi ya 12.

Karibuni mrekebishe na mwongeze.

#2 Nyakato_Mlimani

Mkuu, shukrani, nimeihifadhi. Swali: huku kwetu kwenye miamba, ikinyesha mvua kubwa ya kumwaga, mbu hupungua kwa siku kadhaa kisha wanarudi kwa wingi. Ni dhana tu au kuna sababu?

#3 Mpimamvua_Ilemela

Ipo sababu. Mvua ya kumwaga huwasomba viluwiluwi kutoka vidimbwini, hasa kwenye mteremko. Wengine wanaachwa nchi kavu, wengine wanaishia kwenye mitaro inayokwenda kasi, na maji ya mwendo hayawafai. Ila mvua hiyo hiyo inaacha maji mapya kila shimo, na mashimo mapya hayana bado wadudu na samaki wanaokula viluwiluwi. Hiyo ndiyo siri ya dimbwi jipya. Hesabu siku 10 hadi 14 kutoka siku ile ya mafuriko, utawaona.

Kuhusu miamba ya Mwanza: mabonde madogo juu ya jiwe hupata joto haraka, kwa hiyo viluwiluwi hukua upesi, lakini hukauka upesi vilevile. Yanakuwa hatari pale mvua inaponyesha kila baada ya siku mbili tatu. Yale yenye kivuli na majani yaliyooza mara nyingi utakuta mbu wa aina nyingine, si Anopheles.

Namna ya kuwatofautisha bila hadubini: kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Kile cha Culex na Aedes huning'inia kichwa chini, kwa sababu kina mrija wa kupumulia mkiani. Chota kwa upawa au bakuli jeupe, mara 10 kwa kila dimbwi. Sogea taratibu na kivuli chako kisiangukie maji, maana wakishtuka wanazama. Ukiona hakuna kitu, subiri dakika mbili uchote tena kabla ya kuandika sifuri.

#4 Jaruba_Misungwi

Mleta uzi umeeleza vizuri sana, ila hesabu yako ni ya gambiae, na gambiae siye mwenye nyumba huku tena.

Misungwi na sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa mbu anayeongoza sasa ni Anopheles funestus, na yeye hafuati mvua hivyo. Anazaa kwenye maji ya kudumu yenye majani: pembezoni mwa mabwawa, malambo ya ng'ombe, mito inayokwenda polepole, kingo za ziwa zenye matete. Viluwiluwi vyake hukua polepole, hata wiki tatu, kwa hiyo dimbwi la mpito halimsaidii. Mvua zikikoma mwezi Mei, gambiae wanapungua, funestus anaendelea. Ukiona wagonjwa Juni na Julai, usiseme takwimu zimekosewa.

Tena funestus ndiye anayependa kuingia ndani, kunyonya binadamu, kukaa ukutani na kuishi muda mrefu. Rudi kwenye hesabu ya tatu ya mleta uzi uone maana yake: anayeishi muda mrefu ndiye anayefika siku ya 16. Mbu wachache wazee ni wabaya kuliko mbu wengi vijana. Kwa hiyo kelele za mbu sikioni si kipimo cha malaria. Wengi wanaopiga kelele mjini ni Culex wa maji machafu ya mitaro.

Halafu usugu. Funestus wa huku anastahimili sana dawa za kundi la pairethroidi zilizo kwenye vyandarua vya kawaida. Ndiyo maana ule utafiti uliofanyika Misungwi na kuchapishwa 2022 ulikuwa muhimu: vyandarua vyenye klofenapiri (dawa ya kundi jingine) pamoja na pairethroidi vilipunguza visa vipya vya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, ukilinganisha na vyenye pairethroidi peke yake. Mvua na joto vilikuwa vile vile pande zote. Kilichobadilika ni umri wa mbu.

Kuhusu majaruba ya mpunga nitarudi, kuna mengi.

#5 Karani_wa_MTUHA

Naomba nichangie upande wa namba, maana watu wanachukua takwimu za zahanati, wanaziweka kando ya mvua, kisha wanashangaa hazioani.

Kwanza, usitumie idadi ya wagonjwa. Tumia asilimia ya waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa. Wakati wa kilimo watu hawaji zahanati, wanavumilia. Mvua zikikata barabara hawaji. mRDT zikiisha, wagonjwa "wanapungua" kwenye kitabu wakati homa iko pale pale. Kabla ya kuchora chochote, angalia leja ya stoo uone miezi ambayo vipimo vilikatika, na uitoe.

Pili, mRDT inayotafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2 inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtoto aliyetibiwa Aprili akirudi na mafua Mei, kipimo bado kinasema ndiyo. Mkia wa msimu unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Kama kuna hadubini, anayerudi ndani ya wiki nne apimwe BS (damu kwenye kioo).

Tatu, tenganisha umri. Watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoonyesha msimu vizuri, kwa sababu watu wazima wa maeneo haya wana kinga kiasi na wengi hubeba vimelea bila kuumwa. Na mwandike kijiji anachotoka mgonjwa, si kituo alikotibiwa. Zahanati ya jirani na mwalo (mahali mitumbwi inapotia nanga) inapokea watu wa visiwani ambao mvua yao si ya hapo.

#6 Mwalo_wa_Jioni

Hilo la visiwani ni la kweli kabisa. Naomba wataalamu mzungumzie ziwa lenyewe. Maji yalipopanda 2020 yalimeza kingo, nyumba na mashamba. Yalipoanza kushuka yakaacha mabwawa nyuma ya mchanga. Ni wakati gani ulikuwa wa hatari zaidi, kupanda au kushuka?

#7 Mpimamvua_Ilemela

Kushuka, kwa sehemu kubwa. Ziwa likiwa limejaa na mawimbi yanapiga ufukwe, mbu hazai hapo. Maji yanayotikisika na yenye samaki ni makaburi ya viluwiluwi. Ubaya uko kwenye maji yaliyotenganishwa na ziwa: nyuma ya tuta la mchanga, ndani ya nyayo za kiboko na ng'ombe, kwenye mashimo ya mchanga, chini ya mitumbwi iliyoachwa.

Tukumbuke chanzo cha 2020. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wa magharibi, karibu na Afrika Mashariki, ilikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ilikuwa baridi. Hali hiyo iliongeza sana mvua za vuli. Masika ya 2020 yakaongeza juu yake. Ziwa likafikia kimo ambacho watu walikuwa hawajakiona tangu 1964. Kwa hiyo anayefuatilia malaria ya huku asiangalie El Niño peke yake, hali ya Bahari ya Hindi mara nyingi ndiyo inayosema zaidi kuhusu vuli yetu.

Jambo lingine la ziwa ambalo halisemwi: linapunguza tofauti ya joto la mchana na usiku. Pwani ya ziwa usiku haupoi kama Kwimba au Shinyanga. Na mvua haigawanyiki sawa. Bukoba hupata kama 2,000 mm kwa mwaka, Mwanza ni kama nusu yake, ziwa ni lile lile. Usichukue mvua ya uwanja wa ndege ukaeleza malaria ya Ukerewe.

#8 Kipimajoto

Nina pingamizi kwenye jedwali la post ya kwanza. Kanuni ya 111 inachukulia joto moja lisilobadilika, na hakuna mbu anayeishi hivyo. Mahali penye wastani wa baridi, kupanda na kushuka kwa joto ndani ya siku kunamharakisha kimelea, kwa sababu saa za mchana zinamsukuma kuliko usiku unavyomrudisha nyuma. Mahali penye joto kali mambo yanageuka, mchana unamchelewesha. Kwa hiyo siku 56 za nyuzi 18 zisichukuliwe kama ukuta, kuna maambukizi hutokea pale ambapo jedwali linasema haiwezekani.

La pili: mbu aliyeshiba damu anapumzika ndani ya nyumba. Chumba kilicholala watu watano na jiko la mkaa, nje kukiwa nyuzi 20, kinaweza kuwa nyuzi 22. Kwa kanuni yako mwenyewe, siku 28 zinakuwa 18 na nusu. Data ya kituo cha hali ya hewa ni ya nje, kwenye kivuli, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini. Mbu hakai pale. Weka kipimajoto ukutani chumbani, juu ya kimo cha kichwa, mbali na dirisha na jiko, usome saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri kwa mwezi mmoja. Utapata tofauti ya kijijini kwako, kisha utaitumia juu ya data ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

La tatu ni kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Watu wanasema "joto likiongezeka malaria itaongezeka" kama sheria. Maambukizi hufikia kilele karibu na nyuzi 25. Kupita 28 yanashuka kwa kasi, na karibu na 34 mbu anakufa kabla ya kimelea kukomaa. Mwanza wastani wake ni kama nyuzi 23, upande wa kupanda. Kwa hiyo kwetu nyuzi moja ina maana mbaya. Kwa mahali palipo na nyuzi 29 tayari, si hivyo.

#9 Mpimamvua_Ilemela

Kipimajoto, nakubali yote matatu. Jedwali litumike kulinganisha mwezi na mwezi au kijiji na kijiji, lisitumike kutangaza kwamba mahali ni salama.

#10 Muleba_Juu

Huku milimani Kagera hiyo nyuzi moja tunaijua. Joto hushuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kijiji kilicho mita 300 juu ya ziwa kiko karibu nyuzi 2 chini. Mwaka wa kawaida kimelea hakiwahi, mbu anakufa kabla. Kukija mvua nyingi pamoja na joto lisilo la kawaida, kama El Niño ya 1997/98, mlango unafunguka, na watu hawana kinga. Hapo haugui mtoto peke yake, anaugua na baba, na wengi wanafika na malaria kali. Milipuko ya wakati ule ilipiga Kagera na kusini magharibi mwa Uganda.

Dalili tunayoifuata si mvua pekee, ni joto la chini la usiku kwenye miezi ya mvua. Usiku ukibaki na joto mfululizo wa mwezi mzima, dawa za sindano za artesuneti ziwe zimeshafika vituoni, maana mgonjwa wa milimani hana wiki ya kusubiri.

Jingine ni mabonde ya mafunjo. Mafunjo yakiwa yamesimama, maji yake ni ya kivuli na baridi, mbu wa malaria ni wachache. Yakifyekwa ili kulima matuta, jua linafika kwenye maji kati ya tuta na tuta, joto la maji linapanda, gambiae anaingia. Hewa ya kijiji haijabadilika ila ya mbu imebadilika.

#11 Jaruba_Misungwi

Nimerudi na majaruba kama nilivyoahidi.

Mpunga una vipindi viwili. Wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, maji yako wazi na jua linaingia: huo ni wakati wa gambiae na zaidi ndugu yake Anopheles arabiensis, ambaye hunyonya ng'ombe na watu walioko nje jioni. Mpunga ukifunika maji, hao wanapungua, wanaingia wapenda majani, funestus akiwemo. Kwa hiyo hatari kubwa kutoka jaruba huanza wiki mbili tatu baada ya kupandikiza, hata kama mvua imesimama.

Kinachosaidia ni kukausha jaruba kwa vipindi. Toa maji, acha udongo ukauke hadi uanze kuonyesha nyufa nyembamba, ndipo urudishe. Kosa la wengi ni kutoa maji nusu. Tope likibaki laini na vinyayo vina maji, viluwiluwi wakubwa wanamalizia humo humo. Kosa la pili ni kila mtu kukausha siku yake, mbu anahamia kwa jirani. Wenye mfereji mmoja wakubaliane siku moja. Usikaushe mpunga ukiwa unachanua, utapoteza mavuno. Na palipo na uhaba wa maji usikubali kabisa kukausha bila ahadi ya zamu, maana maji yanaweza yasirudi.

#12 Mwalo_wa_Jioni

Sasa tupangeni. Utabiri wa vuli ukitoka na kusema wastani hadi juu ya wastani, mwenye kijiji cha ufukweni afanye nini, lini?

#13 Mpimamvua_Ilemela

Anza na mwisho urudi nyuma. Tuseme mvua zinatarajiwa kuanza wiki ya tatu ya Oktoba. Wagonjwa wa mvua hiyo ni mwanzoni mwa Desemba, kilele ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari.

Dawa ukoko ipigwe kabla mbu wa kwanza hawajaruka, yaani Septemba hadi katikati ya Oktoba. Ikipigwa Desemba umelipia dawa ya kuua mbu walioshaambukiza. Ukuta wa udongo hunyonya dawa, nguvu hupungua mapema kuliko ukuta wa plasta au mbao. Na asipake mtu lipu wala chokaa baada ya kupuliziwa.

Viuaviluwiluwi vya bakteria, kama vile vinavyotengenezwa Kibaha, vitumike kiangazi, wakati mazalia ni machache na yanahesabika. Hapo ndipo funestus anabanwa. Wakati wa mvua mashimo ni mengi mno, na mvua inasomba dawa. Ile ya bakteria aitwaye Bti irudiwe kila wiki, kwa sababu viluwiluwi wanakamilika ndani ya wiki mbili. Haiui pupa, maana pupa hali chochote. Ukikuta pupa siku moja baada ya kunyunyiza usiseme dawa ni mbovu. Ukikuta viluwiluwi wakubwa, hapo kuna sehemu iliyorukwa.

Weka kipimamvua. Kopo lenye pande zilizonyooka, mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti mara mbili ya urefu wake, soma saa 3 asubuhi kila siku kwa rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Jumlisha kila siku 10, na kando yake andika ni siku ngapi zimenyesha. Safu hiyo ya pili ndiyo wengi hawaiandiki, na ndiyo inayosema kama dimbwi litadumu.

Kambi za wavuvi zitazamwe peke yake. Dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo usiku wa giza wavuvi wako majini, usiku wa mbalamwezi wako kambini, wamekaa nje. Vibanda vya matete na turubai havina pa kufunga chandarua. Fungeni kamba nne kwenye nguzo za kibanda kabla ya kugawa, la sivyo kitaishia kwenye mfuko.

#14 Nyakato_Mlimani

Moja la mwisho. Septemba na Oktoba huku kuna joto, watu wanatoka kwenye chandarua usiku. Na waliopewa hivi vipya wanasema mbu hafi, anatoka akiruka.

#15 Jaruba_Misungwi

Klofenapiri haiangushi mbu pale pale. Inahitaji mwili wa mbu uigeuze kwanza kuwa sumu, na inaweza kuchukua hadi siku tatu. Mbu anayeruka asubuhi kutoka kwenye chandarua kipya anaweza akawa ameshakufa, bado kuanguka tu. Umuhimu ni kwamba hatafika siku ya 16. Waelezeni watu siku ile ile ya kugawa, wasipoelezwa wanavifungia kuku.

Kuhusu joto, tatizo liko kwenye nyumba zaidi. Bati bila dari linahifadhi joto hadi usiku wa manane, na funestus anauma zaidi kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri, hata kukipambazuka. Weka wavu wa mbu kwenye madirisha mawili yanayotazamana ili upepo wa ziwa upite, ziba mwanya kati ya ukuta na paa kwa wavu badala ya udongo, hewa ya moto itoke juu na mbu asiingie. Chandarua kipya kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia, kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisianikwe juani. Kikichanika, shona siku hiyo hiyo.